Somo la Kwanza, Jumatano

Saa tisa usiku bomba la Cimpunda hukohoa kabla ya kutapika,
nasi tunaokijua kikohozi chake tunashuka
ngazi za udongo, mkono mmoja ukutani,
mwingine na bidoni ya njano
iliyofungwa kipande cha kitenge mpinini
isije ikaitwa ya mwingine.

Mimi nimefunga pia kitabu cha masomo
ndani ya sacheti, kifuani, chini ya sweta.
Leo zamu yangu. Misa ya saa kumi na mbili.
Nikiwa wa ishirini na nane kwenye mstari
nina muda wa kupapitia pale ulimi wangu hujikwaa.

Wafalme, kitabu cha pili, sura ya nne.
Mjane anamlilia Elisha:
mume wangu amekufa, na aliyetukopesha yuko mlangoni,
amekuja kuwachukua wanangu wawili.

Nainua tochi ya simu nigeuze ukurasa,
mwanga unamwangukia Mama Nsimire,
wa ishirini na tisa, ameketi juu ya bidoni yake
kama anayesubiri kuitwa hospitalini.
Nazima haraka. Nahisi nimemsoma kwa sauti.

Maana mtaani sote twajua:
Zihalirwa alikufa Januari, hospitali ikamzuia
siku nne, maiti pamoja na bili,
hadi akapatikana mtu wa dola,
yule anayekopesha kumi na kudai kumi na tano.
Cikuru kashaenda Kamituga kulichimba deni.
Mdogo wake anasukuma saruji sokoni Kadutu,
miaka kumi na minne, mgongo wa mzee.
Hakuna aliyewachukua. Walikwenda wenyewe,
wakaaga vizuri.

"Nenda ukaazime vyombo kwa jirani zako wote,
vyombo vitupu, wala visiwe vichache."
Nainua macho: vyombo vitupu
vinapanda mlima hadi kwa fundi wa viatu,
vinakata kona, vinapotea.
Nabii, kwa upande wa vyombo tumetii.

Kwa mjane yule vyombo viliisha, ndipo mafuta yakakoma.
Kwetu bomba lilikoma saa kumi na dakika arobaini,
bidoni yangu imejaa hadi shingoni,
ya Mama Nsimire ina sauti tu ndani yake,
na nyuma yake watu thelathini
hawakusema neno.

Niseme ukweli: nilifunga kizibo.
Nilikuwa na misa.
Aliyeanza ni Nabintu, binti wa fundi redio,
mwenye kigugumizi, ambaye hata komunyo hajapokea.
Alishika gobeleti ya plastiki, akamimina moja
katika bidoni isiyo yake, kisha nyingine katika nyingine.
Hakututazama. Angetutazama, tungekataa.
Vizibo vikafunguka. Gobeleti ikazunguka.

Siuiti muujiza. Maji hayakuongezeka hata tone,
nilihesabu, nilikuwa mhasibu miaka ishirini na miwili;
yalipungua kwa waliokuwa nayo, basi.
Mama Nsimire alipata robo.
Robo ni uji. Robo si kufua.

Mimbarini nilisimama na viatu vilivyolowa.
Nilipofika "wanangu wawili" nilimwona, benchi la tatu,
akitazama mikono yangu, si uso,
na ulimi ukajikwaa mahali ambapo haujawahi.
Padri alihubiri imani, kwa ufupi, kwa upole.
Juu ya mtu wa dola hakugusia. Naye alikuwepo,
karibu na nguzo, akaitikia vizuri kuliko sisi sote:
Tumshukuru Mungu.

"Uza mafuta, ulipe deni lako,
kisha wewe na wanao mkaishi kwa yanayobaki."
Nimepanda na neno hilo mlima mzima, bidoni begani.
Yanayobaki.

Shirika letu la msingi lina kaya thelathini na moja.
Deni ni dola mia mbili na kumi.
Nimegawanya nyuma ya bahasha ya matoleo:
sita, na kitu.
Nimefuta. Nimeandika tena.
Kisha nimevaa viatu, bado vibichi,
nikaenda kumtafuta Nabintu.