Trekta la Theluji

Lilishushwa kwenye pikapu, likaingia karakana kinyumenyume,
makalio mbele, kama mkwe anayetoka chumbani kwa adabu.
Lokwang, mtunza uwanja wa shule moja kule Loresho,
ameliendesha hivyo wiki tatu.
Mbele linagoma, nyuma linakwenda.
Nyasi amezimaliza zote, anasema,
ila shingo...
Akaishika, akanyamaza.

Ni la umeme, la zamani kuliko Kerubo, mwanagenzi wangu.
Betri sita, kila moja volti sita,
na mbele bamba pana la manjano lililopinda kama shavu.
"Hilo ni la kusukuma theluji," nikamwambia Kerubo.
Akatazama nje: Kariobangi, Julai,
cheche za wachomeleaji, na mvuke wa pumzi yake mwenyewe.
"Theluji ile ya kwenye friji?"
"Ile ile. Ila huko inaanguka bure."

Tukaanza.
Mimi sianzi na spana, naanza na maswali.
Liligoma ghafla au polepole?
Kulikuwa na harufu?
Lokwang akaikumbuka: kama nywele zilizoungulia saluni.
Nikaandika kiganjani, daftari limelowa oili.

Mita kwenye betri.
Ya kwanza, sita na nukta tatu. Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu imepungukiwa kidogo, tukaisamehe.
Ya nne ikasoma nne.
Ya tano na ya sita, nzima.
Mchovu mmoja, na wote sita wanaitwa wavivu.
Nimewahi kukaa katika nyumba ya namna hiyo,
lakini hilo si la leo.

Kerubo akataka tununue betri.
Wanagenzi wote hutaka tununue betri.
Betri mbovu haichagui njia, nikamwambia,
ingeligomesha huku na huku.
Anayejua mbele na nyuma ni rilei.
Fungua.

Rilei mbili, pacha.
Ya nyuma inang'aa.
Ya mbele ndimi zake nyeusi, zimeyeyuka, zimeshikana,
na waya wake umeota kijani,
na juu ya kijani, unga mweupe.
Kerubo akagusa, akaonja
(mtoto huyu ataniua)
akasema, "Chumvi."

Chumvi ya barabara za watu,
inayomwagwa ili barafu iachie lami.
Imevuka bahari ndani ya kontena,
imekaa miaka kumi na minne gizani Loresho
ikiula waya huu, uzi baada ya uzi.
Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Na vilivyokwama? Navyo viliundwa.

"Kwa nini hukulitoa bamba hili?" nikamuuliza Lokwang.
"Linakula umeme kwa uzito tu."
Akasema mwaka juzi ilinyesha mvua ya mawe,
uwanja ukawa mweupe kama unga wa sembe,
watoto wakajaza mawe vinywani.
Akalitoa trekta, akasukuma.
Dakika kumi, kisha yote yakawa maji.
"Lilikuwa halitetemeki," akasema. "Siku hiyo tu."

Nikamtuma Kerubo magadi ya shilingi ishirini.
Mama Nduku wa kibandani akamuuliza,
maharagwe ya watu wangapi?
"Ya trekta."
Tukayakoroga na maji vuguvugu, tukamwagia vichwa vya betri,
povu likapanda, tindikali ikalalamika, ikatulia.
Rilei tukaipata kwa forklifti iliyokufa Eneo la Viwanda:
volti zile zile, umbo tukalilazimisha.
Waya mpya. Nati zikakazwa, kisha zikakazwa tena.
Betri ya nne bado. Mwisho wa mwezi, alisema,
wazazi wakilipa karo.

Jioni Lokwang akapanda, akawasha.
Kidudu kikalia tak,
na trekta likaondoka, mbele,
taratibu, bamba la manjano likitangulia
kuelekea jiko la Mama Nduku,
sisi tukipiga kelele,
naye, shingo imezungushwa, mkono nyuma ya kiti,
bado anatazama alikotoka.