Sauti ya Pili, na Kikohozi

Mwalimu Deogratias alirekodi usiku,
umeme uliporudi Tomondo:
sauti nne, faili nne, kila mtu na lake.
Langu limeandikwa *pili mpya hii ndiyo*.
Dakika tatu na nusu. Kinanda hakuna.
Ni yeye tu, mwanamume mwenye sauti ya pipa,
kajibana koo ili awe sisi.

Nasikiliza kwa sikio la kushoto.
La kulia, waya wake umekufa tangu Kwaresima,
basi upande huo nina pasi,
mvuke, mashuka ya hoteli sitini na mawili,
na Kazija anayehesabu foronya kwa kunong'ona.

So, so, so, fa, so.
So, so, la, so, so.
Sauti ya kwanza hupanda ghorofani kufungua madirisha.
Sisi tumebaki jikoni,
tumeshika sufuria lisimwagike.

Siku moja Kazija aliweka foronya chini:
"Hiyo nyimbo yako ina kichwa kweli?
Mie naisikia inazunguka pahala pamoja
kama mtu aliyepoteza ufunguo."
Nikamwambia ni nusu.
"Nusu ya nini?"
Ya kitu ambacho mimi mwenyewe sijakisikia.

Adhana ya alasiri ikianza, nabonyeza, inanyamaza.
Yeye huenda kuswali, mimi namhesabia foronya.
Akirudi ndiye anayenikumbusha:
"Ulifika pale anapokohoa."

Maana anakohoa.
Mstari wa tatu, katikati ya *uturehemu*,
baada ya *utu*, kabla ya *rehemu*,
kikohozi kikavu, kisha mlango,
kisha mtoto: "Baba, maji yametoka!"
kisha ndoo inaburutwa sakafuni,
na yeye anarudi palepale, so,
wala haombi radhi.

Nimeisikiliza nikipiga pasi,
nikimenya muhogo, kwenye foleni ya boflo,
kitandani, simu juu ya kifua,
mpaka nikajua mlango ule unalia noti gani.
(Fa. Imeshuka kidogo.)

Jumamosi tukakutana, sauti zote nne,
viti vya plastiki, feni moja.
Besi nao, nilisikia, faili lao lina jogoo.
Mwalimu akainua mkono.
Mstari wa kwanza tulikwenda
kama watu wanaoshuka ngazi gizani,
kila mmoja akipapasa bega la mwenzake.
Wa pili, mtu akawasha taa.
Wa tatu:
*utu*

na sisi wanane, Leokadia, Skola, mama Yustina,
hata yule mgeni wa juzi,
tukakata.
Wote. Bila kutazamana.
Tukangoja kikohozi. Tukangoja mlango.
Tukangoja maji yajae ndoo.
Tukarudi, *rehemu*, kwa usahihi
ambao hatukuwahi kuwa nao tangu tuzaliwe.
Wenzetu walikuwa wameshafika amina.

"Nani kawafunza kituo hicho?"
"Wewe," akasema Leokadia.

Akatoa simu, akaiweka sikioni, akatugeuzia mgongo.
Tuliona mabega tu.
Yalitulia, yakatulia, halafu yakaanza kutikisika.
"Nitarekodi upya," alisema akijifuta macho,
lakini wiki tatu zimepita
na faili ni lilelile.

Jumatatu Kazija alikuwa anakunja, kinywa kimefungwa,
na ndani ya pua yake: so, so, so, fa, so.
Haijui maneno, wala hayataki.
Alipofika pale, akanyamaza,
akangoja kama sisi.
Nami, sijui kwa nini, aliporudi
nikamwekea sauti ya kwanza juu yake,
ile nisiyoiweza, ikapasuka mara mbili njiani.

Akasikiliza mpaka mwisho.
"Kumbe ndo hicho kichwa," alisema.
"Mie nilidhani kikubwa."
Akachukua foronya.
"Hamsini na tisa."