Fedha

Hapa hawaulizi jina. Wanauliza, "Wapi panauma?"
Nikajibu: bega la kulia. Miaka thelathini na minne
ya kupogoa mitufaha, mkono juu, shingo nyuma,
theluji ikidondokea ndani ya kola.

Aliyeuliza, Bi Towa, alikuwa majini hadi kidevuni,
kitambaa kimekunjwa mara nne utosini.
"Mimi ni magoti," akasema. "Magoti, na wifi yangu."

Nilijisugua kwanza, juu ya kigoda cha mbao,
ndoo baada ya ndoo, ndiyo kanuni:
taka zako usiwagawie wenzio.
Kisha mguu mmoja. Nikaurudisha.
Lakini maji ukishayavulia nguo...
basi, nikaingia.
Meupe kama maji ya kuoshea mchele,
yananuka kiberiti na yai lililosahaulika,
na moto wake hauchomi, unakukumbatia kifundo
kama mtoto asiyetaka uondoke.

Siku ya tatu mwili wote ukaasi.
Bega likawaka, kichwa jiwe, wali haushuki.
Mwenye nyumba, Kanzaburo, hakushtuka hata kidogo:
"Maji yamebisha hodi. Huanza kwa kuwaamsha waliolala."
Akaniletea uji na plamu moja ya chumvi,
akanipiga marufuku kuoga mpaka kesho jioni.

Jikoni kila mgeni na sufuria yake,
sarafu moja, dakika kumi za gesi.
Bi Towa hunikatia figili iliyokaushwa kwa moshi,
haulizi kama naipenda.
(Siipendi. Naila.)

Siku ya tano nikaiona pete.
Mlangoni wameandika kwa wino mwekundu:
VUENI VITU VYA FEDHA.
Sikuivua. Kwani ilinihusu?
Seikichi aliinunua kwenye sherehe ya hekalu,
mwaka ule mvua ya mawe ilipoyatoboa matufaha yetu
na hatukuwa na hata sabuni.
"Ni fedha halisi," aliniapia.
Nikasema, asante kwa bati lako.
Nikalisema tena kila mwaka, mbele ya wageni,
naye akicheka, akinimiminia chai,
hadi ngazi ile ilipoteleza, vuli ya mwaka juzi.

Sasa kidoleni ni nyeusi tititi, kama sega la mkaa.
Bi Towa akaunyakua mkono wangu, akausogeza jichoni:
"Bati halifanyi hivi. Kiberiti hakigombani na bati.
Hii ni fedha, mama. Fedha tupu."

Nikazama hadi puani.
Mvuke ulikuwa mwingi, hakuna aliyeona kitu,
au wote waliona, wakageukia dirisha
na kuanza kuzungumzia bei ya vitunguu.

Wanasema majivu huisafisha, ukisugua taratibu.
Nitaisugua. Labda nisiisugue.

Bega? Bado.
Niulize wiki ya pili.