Chupa Haikuonyesha Jetoni

Mradi ulituletea vitabu ishirini
kwa watoto sabini na wawili.
Ukurasa wa kwanza: dubu mweupe juu ya kipande cha barafu.
Murhula akauliza, "Mwalimu, huyu analiwa?"
Ukurasa wa pili, herufi kubwa: RAIA WA DUNIA.
Ciza, ambaye baba yake hutembea na kadi ya mpiga kura
iliyofutika sura kwa jasho,
akauliza, "Hiyo kadi ya dunia inatolewa ofisi gani?
Na ni franga ngapi?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka,
kisha nikafunga kitabu. Swali lilikuwa na meno.

Alhamisi tukateremka Mururu kwa miguu,
safu ya nyeupe na buluu,
tukapita korongo lililomeza nyumba ya kina Cishugi
usiku mmoja wa mvua.
Mbele ya bwawa, maji yamevaa koti lisilo lao:
chupa, masashe, ndara ya mguu mmoja,
bidoni ya njano, kichwa cha mwanasesere,
chupa,
chupa.
Fundi Bashizi alikuwa akizoa kwa uma mrefu.
"Hizi zikiingia, mashine inakabwa koo.
Ndipo taa inakwenda kwenu,
nanyi mnamtukana mama yangu bila kumjua."
Watoto wakatazama viatu vyao.

"Ni za kwao, wa kule," Murhula akanyosha kidole ng'ambo,
Rwanda, ambako, nina hakika,
mtoto mwingine amewahi kusimama na mwalimu wake
akanyosha kidole kwetu.
Chupa haikuonyesha jetoni mpakani.
Haikupanga foleni, haikuulizwa inalala kwa nani.

Hapo nikamwona Nsimire amechutama.
Mama yake huuza maji ya marakuja sokoni Kadutu
katika chupa za kuokota zilizooshwa kwa majivu;
kila moja ameifunga uzi mwekundu shingoni
ili mteja asidanganywe na marakuja ya mwingine.
Uzi huo ndio minervali ya Nsimire,
ndio daftari, ndio soksi.
Akavuta chupa moja majini, akaigeuza,
akaificha ndani ya sweta.
Macho yetu yakakutana.
Sikusema kitu. Ningesema nini,
mimi ambaye jioni ile ile, taa ilipokwenda,
niliwasha makala ya msitu wa Kahuzi
nikasonga bugali, nikala, nikashiba?

Kesho yake nikachora mto ubaoni
kwa chaki iliyobaki kama jino:
Ruzizi, Kamanyola, Uvira,
Tanganyika yote hadi Kalemie,
Lukuga, Lualaba, Kisangani,
ubao ukaisha, nikaendelea ukutani,
Boma, halafu bahari.
Nsimire akanyosha mkono.
"Mwalimu, uzi unaoza?"
"Unaoza."
"Na chupa?"
"Chupa itatuzika sisi sote."
Akaketi. Siku nzima hakuuliza tena.

Sasa ukipita Kadutu, upande wa wauza ndizi,
utaona kibao cha mkono wa mtoto:
RUDISHA CHUPA UPUNGUZIWE FRANGA MIYA.
Mama mtu alikasirika, akahesabu hasara kwa vidole,
vidole vikamwishia.
Wiki ya kwanza zilirudi tatu.
Ya pili, kumi na moja; mbili hazikuwa zake,
akazipokea akiguna.
Bashizi bado anazoa.
Taa, jana tu, imekwenda saa moja ya jioni.

Ila Ciza amefungua ofisi
kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha bovu.
Anakata majalada ya daftari za zamani,
anaandika: KADI YA DUNIA. Jina. Mtaa. Alama ya pekee.
Ya Nsimire inasema: uzi mwekundu.
Bei ni chupa moja tupu, hakuna mkopo.
Hata Murhula amepata, japo alama yake
ni dubu aliyefanana na mbuzi.

Yangu bado sijapewa.
Nilipanga foleni kama wengine, chupa mkononi.
Ciza akaitazama chupa, akanitazama mimi,
akauliza kwanza
kwangu tunapika na nini.