Tarehe ya Tukio

Bwana Rweyongeza,
fomu yenu ina kisanduku cha tarehe ya tukio:
tarakimu nane, basi. Hakuna pa kuandika "usiku",
hakuna pa kuandika "polepole".
Nimekikodolea macho siku tatu.

Jina nililijaza upesi. Kabula.
Nilizaliwa mvua ikinyesha, mama yuko shamba la pamba,
na bibi akasema jina limekuja lenyewe, tusilifukuze.
Kwa hiyo mvua nazijua kwa ukoo.
Ile ya Aprili haikuwa ya kwetu.

Ulifika Bugarika, uliona:
nyumba yangu imeuegemea mwamba
kama mtoto mgongoni kwa mama anayepepeta.
Maji yaliteremka juu ya jiwe hilo,
yakasimama nyuma ya chumba cha Masalu,
yakagonga. Nasema yakagonga.
Kisha tofali moja likaingia ndani
na mengine hayakungoja kukaribishwa.

Nilichota kwa sufuria, kwa beseni, kwa helmeti ya shemeji.
Kulipokucha magodoro yalikuwa yamelewa maji,
na zile gauni sita za harusi ya Igoma
zambarau yake imehamia kwenye shela ya bibi harusi.

Nikawapigia. Mkasema,
"Usiguse kitu mpaka mkadiria hasara afike."
Sikugusa.
Siku kumi na tisa, sikugusa.
Unajua, Bwana, ukungu unavyompenda mtu mtiifu?

Ukungu wa ziwani nimeuzoea.
Unalala juu ya maji, unakula mawe,
ikifika saa tatu jua linaufukuza kuelekea Ukerewe.
Huu wa ndani hauna saa.
Ulianza pembeni mwa dari, punje za pilipili manga,
ukashuka, ukajitanua, ukazaa visiwa,
na Masalu akaanza kukohoa kikohozi kikavu,
kikohozi cha mzee, na ana miaka tisa.

Ndipo ukaja, na kurunzi,
na kile kidude chenye meno mawili
ulichokichoma ukutani kama nesi anayetafuta mshipa.
Ukaniuliza, kwa upole, sikatai:
"Mama, huu ukungu haukuwepo kabla?"

Barua ikafuata.
*Unyevu wa muda mrefu haumo katika bima. Tunasikitika.*
Nilitafuta kwenye sahihi nimwone anayesikitika.
Palikuwa na muhuri.

Basi naijaza upya, na naambatisha kalenda.
Ni yenu. Mlinipa Desemba nilipomaliza kulipa,
ina picha ya familia inacheka
mbele ya nyumba isiyo na jiwe hata moja.
Ilining'inia ukuta uleule.
Tarehe kumi na saba nimeizungushia wino;
wino ukalowa, duara likawa dimbwi.
Kumi na nane: *nimewapigia.*
Kisha *hawajaja*, kisha *hawajaja*,
mpaka mwandiko wenyewe unachoka,
mpaka saba Mei, nilipoandika jina lako
na kulikosea, unisamehe.

Igeuze. Nusa mgongo wa Aprili.
Nusa Mei.

Utasema: hiyo yathibitisha nini?
Ukungu ungeweza kuwa wa Machi, wa Februari,
wa siku ile tulipopiga rangi.
Ni kweli, kurasa hizo hazipo.
Mwezi ukiisha, mimi huchana.

Ila Machi sikuitupa.
Machi, iliyokaa ukutani pale
hadi siku yake ya mwisho,
nilijaladia daftari la hisabati la Masalu.
Nimeliweka kwenye bahasha hii.
Fungua jalada, tazama upande ule uliogusa ukuta.
Ni mweupe.

Nakuomba kitu kimoja tu:
lirudi kabla ya Jumatatu.
Ana mtihani.