Kengele Ishirini na Mbili

Fomu iliuliza: Cheo chako?
Nikaandika: Mhudumu. Nafagia, nadeki,
nabeba kilichozaliwa na kilichokufa.
Kisha nikafuta, nikaliacha neno Mhudumu peke yake,
maana nafasi waliyoweka ilikuwa finyu kama posho.

Fomu iliuliza: Ubunifu wako ni upi?
Hapo nilikaa siku tatu.
Nani aliwahi kuniuliza jambo
zaidi ya "Stumai, umefuta kule?"

Nilitaka kuandika habari za kitanda namba tisa.
Usiku wa mvua za vuli, Yombo yote giza,
wazazi ishirini na wawili, muuguzi mmoja,
naye Sista Kokushubila yuko chumba cha pili,
mikono yote imeshikwa na kichwa cha mtoto wa mwingine.
Namba tisa hakupiga kelele.
Alifundwa kwamba mwanamke mwenye heshima hapigi kelele.
Aliita, wenzake walisema, aliita kwa sauti
ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Alfajiri nikaingia na tambara langu.
Sitasema ndoo ngapi.

Kwa hiyo niliandika: kengele za baiskeli.
Moja kila kitanda, ifungwe kwenye chuma cha ubavuni,
karibu na kidole gumba.
Asiye na pumzi ya kuita, kidole anacho.

Wakajibu! Shilingi laki mbili,
ruzuku ndogo kwa watumishi, barua ina muhuri,
ila jina wamekosea: Situmai.
Marehemu bibi angesema hawajakosea.

Gerezani, Mkude anauza kengele elfu saba,
anaandika risiti kwenye karatasi ya daftari la mwanawe.
Mhasibu wetu, Lwitiko, akaishika kwa ncha za vidole:
"Bila risiti ya mashine, dada, imekula kwako."
Nikaenda duka lenye mashine na feni.
Kengele zilezile, elfu nane na mia nane.
Hela ya kumlipa fundi ikaishia hapo.
Mkude mwenyewe ndiye aliyekuja kuzifunga, Jumapili, bure,
mkewe alijifungulia kitanda cha kumi na nne.

Usiku wa kwanza zililia zote.
Huyu kiu, huyu mbu,
huyu anataka tu kujua kama inalia.
Sista Kokushubila akanijia saa kumi, macho mekundu:
"Panya hatimaye mmemfunga paka kengele,
na paka ndiye mimi."
Siku nne hakunisalimia.

Kisha wodi ikajifunza. Sijui nani aliwafundisha.
Mwenye kiu akamwomba wa kitanda cha pili,
kengele zikanyamaza wiki nzima
mpaka Lwitiko akauliza kama zimeibwa.
Ndipo usiku mmoja, namba kumi na saba,
triin,
moja tu, kavu, haikurudiwa.
Sista alikimbia peku, kiatu kimoja mkononi.

Mama yule aliondoka Jumanne na mtoto wake.
Hakuaga, bajaji ilikuwa inamsubiri.

Sasa kuna fomu nyingine.
Walionufaika ni wangapi?
Niandike mmoja? Niandike wote waliolala
wakijua kidole gumba kiko karibu na chuma?
Na chenji je, elfu sita na mia nne?
Hakuna kisanduku cha chenji.
Lwitiko alisema rudisha. Nikanunua mafuta ya cherehani,
kwa risiti ya mashine,
maana hewa ya mji huu inakula chuma kuliko mchwa wanavyokula mbao.

Kila Ijumaa, nikishamaliza kudeki,
nazitia mafuta, tone moja moja.
Nyingine nazizungusha kimya.
Ya namba tisa naibonyeza.
Sista anainua kichwa kule mezani:
"Nani anaita?"
Namwambia hakuna, Sista.
Nadeki.