Nguvu za Kukopa

Ameileta saa tisa, bati la gereji bado linachoma,
pikapu nyeupe ya marehemu kaka yake,
kamba ya ngamia imeviringishwa nyuma, mavi ya mbuzi yamekaukia pembeni.
Azzan. Miaka ishirini na moja,
na haraka ya miaka yote iliyobaki.
"Ami, Ijumaa nataka ipande mchanga wa Bidiya.
Ifike juu, isimame, nipige honi."

Tunasema Kiswahili, cha mama zetu,
ili Kunjumon asisikie bei.
Kunjumon yuko chini ya Patrol, miguu tu inaonekana.

Nikafungua boneti.
Silinda nne, lita mbili na pointi saba, petroli.
Injini ya mwenye familia: haikimbii, haigomi,
imebeba saruji, mitungi ya gesi, maji ya arusi,
na siku moja ilimbeba mwenyewe, amefunikwa shuka.
Hilo hatukulitaja.

"Njia zipo," nikamwambia.
"Tunaing'oa hii, tunatia ya silinda sita, lita nne,
nimeiona kwenye gari lililopinduka njia ya Suri.
Ikinguruma utadhani mtu aliyeshiba.
Lakini inakunywa kama harusi nzima,
na difu yako ya nyuma itauliza:
nani kaniozesha kwa huyu?"

"Na dizeli?"
"Dizeli ana subira. Atakuvutia nyumba na msingi wake.
Ila mchanga hautaki subira,
mchanga unataka umpite kabla hajakukumbuka."

"Turbo, Ami."
Nilijua tutafika hapo.
Kikonokono cha chuma, kinazungushwa na moshi unaotupwa,
kinaishindilia injini hewa mpaka ivimbe mashavu.
Na kuna kijana Sharja, hajapata kushika spana,
anachomeka kompyuta yake, anaidanganya injini
kwamba bado ni mtoto. Injini inaamini.

"Lakini nguvu, mwanangu, haiongezwi. Inakopwa.
Unakopa kwa klachi, kwa gia boksi, kwa rejeta,
na gaskiti ya kichwa ndiye mdhamini.
Mdhamini ndiye wa kwanza kuuziwa nyumba."

Nikamshushia pistoni iliyo rafuni,
imetoboka katikati, tundu la kuingia kidole gumba.
Akaigeuza, akaipuliza vumbi.
Hakuuliza ya nani.
Ni yangu. Mwaka wa tisini na nne, mchanga ule ule,
sekunde nne nzima nilikuwa juu ya kila mtu,
halafu mafuta ya moto kwenye kioo.
Sijapata kuzijutia zile sekunde.
Hilo nalo sikumwambia.

Tulifanya ya masikini:
plagi mpya, vali tukazipima upya,
ekzosi tukaipa njia pana ya kutolea pumzi.
Chujio la hewa nilipoligonga sakafuni
ulimwagika mchanga wa kujaza kikombe cha kahawa,
mwekundu, laini, wa safari ambazo hakuzisimulia mtu.
Nikashika ufagio.
Azzan akasema, "Ngoja,"
akauzoa kwa kiganja, akautia kwenye kopo la grisi,
akalifunga, akaliweka mbele, kiti cha abiria.

Ijumaa nilimtoa upepo kwenye matairi, pauni kumi na mbili.
"Gia ya pili, usiguse breki, usifikirie."
Akaondoka. Ile injini ya mwenye familia
ililia sauti ambayo sikuijua kwake,
ikapita nusu, ikapita alama za matairi ya wenye pesa,
ikafika theluthi mbili,
ikakohoa, ikazama hadi ekseli.

Watu walicheka.
Pale pale alipozama, puani mwa mlima,
Azzan akapiga honi,
ndefu, mpaka nikadhani imekwama.

Jumapili asubuhi kaja, mchanga bado masikioni.
"Ami, ile silinda sita, bei gani?"
Sijafungua mdomo,
sauti ikatoka chini ya Patrol:
"Mia saba. Kwako, mia sita na hamsini."